Aliyebakizwa na Fisi

Nilimwogopa Mwenye Shamba kabla sijamwona, na siku nilipomwona nikamwogopa zaidi. Nalisema hili mapema ili mtu akinisikia nikimsifia huko mbele asije akadhani kwamba niliwahi kumzoea. Ni mume wa mdogo wangu. Nimekula kwake, nimelia kwake, amenibebea mizigo hadi kituoni bila kuombwa. Bado nikisikia hatua zake nyuma yangu, mwili unanisisimka.

Jina lake sitalitaja. Hata sisi wa nyumbani hatukulitumia. Tangu baba alipoanza kwenda Makutupora kupogoa mizabibu yake alikuwa Mwenye Shamba tu, na akabaki hivyo hata baada ya kutuolea. Alitokea upande wa Kondoa, kwa wale wakulima ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi. Alifika Makutupora akiwa kibarua kama vibarua wengine, akaishia kuwa na shamba lake. Mengine ya asili yake siyajui, na sikuwahi kuwa na hamu ya kuuliza.

Watu wote walianza na uso wake, nami nianze hapo hapo. Alipokuwa mtoto alilala nje msimu wa joto, kama watoto wa kwao walivyozoea, fisi akamrukia. Alipona, lakini shavu la kushoto lilikwenda pamoja na kipande cha mdomo. Ukubwani alijifunga kitambaa cheupe kuanzia chini ya macho hadi kidevuni. Alikifua mwenyewe kila siku na kukianika kwenye waya wa mizabibu, na sijawahi kukiona kichafu, hata msimu wa vumbi ambapo Dodoma nzima inakuwa nyekundu.

Kwetu watu wanasema kwamba fisi akimwonja mtu kisha akamwacha, hajamwacha. Amembakiza. Iko siku atarudi kumalizia, na akirudi hachagui. Anamchukua yeyote atakayemkuta kwanza katika nyumba ile. Nimekua nikiyasikia maneno haya. Nimesoma, nimeajiriwa, nina nyumba Area D yenye geti la chuma na taa nje, na bado siwezi kukwambia kwamba siyaamini. Vibarua nao walikuwa hivyo hivyo. Walifanya kazi kwa Mwenye Shamba mchana kutwa, wakala ugali wake, wakamwita mzee kwa heshima zote, lakini jua likianza kushuka kila mmoja alikumbuka ana haraka.

Alizungumza kidogo, na kwa sauti ya chini. Herufi zinazotaka midomo ikutane zilimshinda, kwa hiyo Kiswahili chake kilitoka kikiwa kimepungua, ukalazimika kumsogelea ili umwelewe, na kumsogelea ndiko tulikokuwa hatukutaka. Siku moja alitembelewa na ndugu zake kutoka Kondoa. Wakaketi kwenye kivuli cha ghala wakazungumza lugha yao, na nikamsikia akiongea kama mtu mwingine kabisa, mwepesi, mwenye mizaha, sauti zile za kugonga ulimi zikitoka nzima bila kasoro. Wageni wake walicheka hadi wakashikana mabega. Kumbe mtu huyu alikuwa mcheshi miaka yote, ila kwa lugha tusiyoijua.

Kazini alikuwa mkali kwa jambo moja tu, nalo ni matawi. Mzabibu hauachwi hivi hivi. Zabibu zikishavunwa unapumzishwa, kisha unakatwa matawi yake hadi unabaki kisiki chenye mikono mifupi, ndipo unachipua upya. Ukikatwa unatoa maji kwenye jeraha, tone kwa tone, siku kadhaa. Vibarua wanasema mzabibu unalia. Mwenye Shamba alipita mstari kwa mstari na mkasi wake, na kila alipokata alisema, "Pole." Alisema kwa dhati, kama mtu anayemsalimia mfiwa. Vijana walimwigiza akiwa mbali na kuvunjika mbavu. Yeye alijua wanamwigiza, wala hakumfukuza hata mmoja.

Matawi yote yaliyokatwa yalichomwa palepale shambani. Mashamba mengine humpa kila anayeomba, akapande kwake. Yeye hapana. Zamani aliwahi kuletewa tawi na rafiki, akalipanda, likamwingizia ugonjwa uliomaliza nusu ya shamba, na tangu hapo hakuna tawi lililoingia wala kutoka. Kila kibarua alielezwa hayo siku ya kwanza.

Usifikiri alikuwa mtu wa huzuni muda wote. Alikuwa na redio yake, na Bunge likiwa linaendelea aliiweka juu ya debe katikati ya mistari na kuwajibu waheshimiwa. "Hapo umedanganya," aliiambia redio. "Haya, endelea." Chai aliipenda iwe na tangawizi nyingi hadi inakukaba. Mvinyo hakugusa, yeye mwenye shamba la zabibu, kwa sababu alisema hapendi kulala fofofo. Na ukimuuliza lolote kuhusu kesho, kama mvua itanyesha, kama mtoto atapona, kama bei itapanda, alijibu kwa maneno mawili: "Tusubiri tuone." Mdomoni mwa mtu mwingine yangekuwa maneno ya kawaida. Mdomoni mwake yalinitia baridi.

Lakini lililowatisha watu kuliko yote ni mifupa. Kila jioni alibeba ndoo ya mifupa kutoka bucha na kwenda kuimwaga nje ya uzio, upande wa vichaka. Asubuhi haikuwepo, na udongo ulikuwa umejaa nyayo. Mtu aliyeliwa na fisi anawalisha fisi! Wapo waliosema anawalisha ndugu zake. Wapo waliosema anajichelewesha, anawapa hiki wasidai kile. Niliwahi kumuuliza, baadaye sana, tulipokuwa tayari tumeshakuwa mashemeji na nina haki ya kuuliza maswali ya kipumbavu.

"Watoto wa hapa bado wanalala nje joto likizidi," alisema. "Fisi aliyeshiba hana shida na mtoto."

"Na wewe je?"

Akainua ndoo yake. "Tusubiri tuone, shemeji."

Sasa nieleze alivyoingia nyumbani kwetu. Kijiji chetu kiko upande wa Chamwino, na baba alikuwa akitoka kila msimu kwenda kupogoa. Mwaka huo kabla hajaondoka alituuliza atuletee nini. Mama alitaka kitenge. Mimi, mkubwa, nilitaka viatu, na nilieleza vizuri ni viatu vya namna gani. Mdogo wangu Sechelela alifikiri, kisha akasema anataka tawi moja la mzabibu alipande mlangoni, apate kivuli chenye matunda. Nilimcheka. Baba alifurahi, kwa sababu aliona ameombwa kitu cha bure.

Baba hakuwa mwizi. Aliona rundo la matawi linasubiri kiberiti, akaona haya kumwomba yule mzee jambo alilokwisha kulikataza, akachukua moja na kulificha ndani ya koti. Langoni likadondoka miguuni pa Mwenye Shamba.

Baba alitusimulia huku ameshika kikombe kwa mikono miwili. Mwenye Shamba aliliokota lile tawi, akalitazama kwa muda, kisha akauliza, "Nani alikuagiza?"

"Binti yangu mdogo."

"Basi aje mwenyewe. Tawi la hapa halikuzwi na mtu asiyejua kulikata. Akijua, nitampa kwa mkono wangu."

Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa maneno ya mkulima anayechunga mizabibu yake. Kwetu yalifika yakiwa maneno mengine. Siku iliyofuata kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba aliyebakizwa na fisi ameomba binti. Mama alikataa katakata. Baba akasema ataacha kazi ile, tutakula tutakachopata. Sechelela aliyekuwa akichambua mlenda alisema bila kuinua kichwa, "Mimi ndiye niliyeomba. Nitakwenda."

Nilikwenda naye. Mtu hamwachi mdogo wake aende kwa fisi peke yake. Tulilala kambini na wanawake wengine wa vibarua, mbali na nyumba yake, na kwa wiki za kwanza sikumtoa Seche machoni. Nilikuwa nikisubiri ubaya. Nilichoona ni mtu mzima anayemfundisha msichana kuhesabu kwa kidole macho ya tawi, pale linapochipulia, na kuchagua pa kukata, akisimama upande wa pili wa mstari, waya ukiwa katikati yao. Seche naye akaanza kusema "pole". Yeye hakuwa anaigiza.

Kila jioni, kabla hatujaelekea kambini, alimuuliza swali moja. "Sechelela, kesho utakuja?"

Jina hilo alilitamka lote, silabi kwa silabi, halikumshinda popote. Nadhani ndiyo sababu alilipenda kulitamka. Seche alijibu, "Mungu akipenda." Yakaishia hapo, jioni moja baada ya nyingine, msimu mzima. Hakumgusa mkono. Hakumpa zawadi, isipokuwa vichala vya kwanza kuiva, ambavyo aliviweka juu ya jiwe na kuondoka, Seche avichukue bila kuona aibu. Nilijua kabla yake mwenyewe kwamba mdogo wangu ameshapenda. Alikuwa ameanza kumtetea kwa hasira.

"Wewe unaona kitambaa tu," aliniambia.

"Naona na nyayo," nilimjibu. "Kila asubuhi zinasogea karibu na uzio. Huzioni?"

Alikuwa anaziona.

Kisha mama akaugua, akapelekwa mjini, akawa anauguzwa kwa shangazi yetu, mtaa wa Makole. Tulipokwenda kuaga ilikuwa siku za kupogoa, mizabibu yote inachuruzika. Mwenye Shamba alimwambia Seche, na mimi nikiwa nimesimama pale, "Nenda kamuuguze mama. Ila urudi kabla mizabibu haijanyamaza." Alisema kwa upole, na mimi nilisikia tishio. Hadi leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa sahihi.

Mama alipata nafuu upesi. Shangazi ndiye aliyekuwa na kazi na sisi. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, mwenye kikundi cha maombi na majirani wengi, na alipopata habari zote alifunga mlango wa sebule.

"Weee Seche, una akili wewe? Mtoto mzuri hivi ukajipeleke mwenyewe kuwa kitoweo? Hutoki hapa!"

Akamtafutia mchumba, dereva wa ofisi fulani ya serikali, kijana mstaarabu mwenye mashavu yote mawili. Mimi nilikuwa upande wa shangazi. Sina haja ya kuficha wala kujutia. Ingekuwa leo ningesimama pale pale mlangoni. Tulimwambia Seche kwamba mama bado hajapata nguvu. Tulimwambia asubiri Jumapili, kisha Jumapili nyingine. Seche alitii, akapika, akafua, akapungua mwili, na kila mara alikwenda uani kutazama anga la upande wa kaskazini.

Baba ndiye aliyepiga simu, kutoka kijijini. Vibarua wamekimbia, alisema. Ndoo ya mifupa haijaonekana siku kadhaa, fisi wamepasua uzio, wanaingia shambani mchana kweupe. Mwenye Shamba hajaonekana wala hakuna anayekubali kwenda kumtazama.

Shangazi alikuwa bado ananyoosha mkono kuniomba simu, Seche ameshatoka. Alipata bajaji hadi stendi, na mimi nikiwa nimebanana naye kiti cha nyuma nikimsihi, nikimtukana, nikimshika nguo. Tulifika Makutupora nikiwa bado nimeishikilia.

Tulimkuta Mwenye Shamba alasiri ile, amelala kwenye udongo kati ya mistari miwili, homa imemchemsha, mkasi uko kando. Mizabibu ilikuwa imekauka machozi. Kumzunguka pande zote kulikuwa na nyayo, mbichi, duara juu ya duara, nyingine karibu kiasi kwamba mnyama angeweza kunusa kitambaa chake. Hakuwa na jeraha hata moja. Watu waliofika baadaye waliziona, na mzee mmoja akasema polepole kwamba walikuja kukagua mali yao. Nilitamani kumzaba kofi kwa kusema nilichokuwa nafikiri.

Seche alimwinua kichwa akamnywesha maji kwa kiganja, kupitia chini ya kitambaa.

"Umechelewa," Mwenye Shamba alimwambia.

"Nimekuja."

Alifumba macho. Nilidhani amekata roho, kumbe alikuwa anakusanya nguvu ya kuuliza. "Kesho utakuja?"

"Kesho siji," Seche alisema. "Kesho nitakuwa hapa hapa."

Kama ingekuwa hadithi ya jikoni, ile tunayosimuliwa tukisubiri ugali uive, hapo angegeuka kijana mzuri na shavu lingerudi. Halikurudi. Alipelekwa zahanati, akatibiwa malaria, akapona, akaja kwetu na wazee wa kwao kuposa kama inavyotakiwa. Walioana kanisani, yeye na kitambaa chake kipya, na shangazi akapiga vigelegele vya kinyongo. Asubuhi yake nilimwamkia "Shikamoo mzee" kwa mazoea, akaniambia, "Sasa ni shemeji," na tukabaki tunatazamana, hakuna anayejua afanye nini. Akacheka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka kwa Kiswahili.

Wameishi vizuri, na hilo nalisema ingawa kukosea huko kumenikera kwa miaka mingi. Hawakujaliwa watoto. Wana mzabibu mlangoni, wana chai ya tangawizi, wana redio wanayogombana nayo wote wawili. Sijawahi kumsikia akimpandishia mdogo wangu sauti. Lakini kila simu ya Seche iliyoingia mapema kuliko kawaida ilinikata pumzi, kwa kuwa nilijua ni ile niliyokuwa nikiisubiri.

Mwaka jana, mwisho wa kiangazi, ilikuja simu, na ilikuwa ya Mwenye Shamba mwenyewe. Alikuwa hajawahi kunipigia. Aliniomba nije, na nisimwambie Seche kwamba ameniita. Nikafika Jumamosi jioni na kifurushi cha sukari kama mtu anayetembea tu. Seche alinipokea kwa furaha akaenda uani kupika. Mwenye Shamba alikuwa amekaa sebuleni, amezeeka kuliko nilivyotarajia, miguu imevimba.

"Shemeji," alisema, "mchukue mdogo wako. Mpeleke kwako mjini."

Nilimuuliza kumetokea nini.

"Kuna mmoja. Mkubwa, peke yake. Mifupa haili, anaipita. Anakuja hadi ukutani."

Nilikaa chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimsubiri akanushe au akubali, na alikuwa hajafanya lolote kati ya hayo. "Kwa hiyo na wewe unaamini?" niliuliza.

"Tangu mtoto." Alisema kwa utulivu, kana kwamba nimemuuliza dini yake. "Ndiyo sababu tangu nimuoe silali kitandani. Akisinzia, natoka chumbani, natandika mkeka ndani ya mlango wa nje. Nalala hapo, mgongo nimeuelekeza mlangoni. Akija, anikute mimi kwanza. Lakini sasa miguu ndiyo hii, na dawa wanazonipa zinanilaza kama maiti. Atanivuka sitajua. Mchukue, shemeji. Ulitaka kumchukua tangu zamani."

Ni kweli nilitaka. Nilikwenda uani. Seche alikuwa amechutama mbele ya jiko la mkaa, anapuliza. Nikamwambia yote, kwa kuwa sikuona namna ya kumdanganya mtu mzima. Aliposikia habari ya mkeka alitabasamu, akaendelea kupuliza mpaka moto ukakubali.

"Najua habari ya mkeka," alisema. "Toka mwezi wa kwanza wa ndoa najua. Yeye anadhani mimi nalala mapema. Nasubiri akorome, kisha nakwenda namvuka, nalala kati yake na mlango. Alfajiri narudi kitandani. Hajawahi kuamka."

"Miaka yote?"

"Sasa nimwache afe yeye?"

Nilimwogopa mume wake maisha yangu yote, na aliyekuwa amelala upande wa fisi ni mdogo wangu, kwa hiari yake, usiku baada ya usiku, huku mimi nikiwa Area D nyuma ya geti la chuma. Nililia kwa hasira. Seche aliniambia nimsogezee sufuria.

Nilirudi sebuleni. Mwenye Shamba aliinua macho. "Amekubali?"

Nikamwambia. Sikumficha neno. Alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti, na nikaona kitambaa kikiingia na kutoka kwa pumzi yake. Kisha akashika meza akajaribu kusimama juu ya miguu ile, ikamkatalia, akaketi tena.

"Sechelela!" aliita, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. "Ingia ndani! Jua linazama!"

"Nakuja," mdogo wangu alijibu kutoka uani.

Tulisikia akisogeza jiko, akifunika sufuria, akimfukuza kuku. Hakuwa na haraka. Mimi na Mwenye Shamba tulikaa tukiutazama mlango.